KISANDUKU CHA REZISTA: TUACHE KUBAHATISHA KATIKA KAZI YA REDIO NA TAA

Vikundi vingi vya kujisaidia vimeanza kazi ya kutengeneza redio, taa za sola na vitu vingine vidogo vya stima. Ni kazi nzuri. Redio ikiharibika kijijini, si lazima mwenyewe apande matatu kuipeleka mjini na kungoja wiki mbili. Pesa inabaki kwetu, na vijana wanapata ujuzi. Lakini kuna kitu kimoja kinachokula pesa za vikundi hivi polepole kama mchwa. Kitu hicho ni kubahatisha.

Fundi anafungua redio na kuona kwamba rezista moja imeungua, rangi zake hazisomeki. Anachukua yoyote iliyo kwenye kopo na kuilehemu hapo. Redio inalia kidogo, halafu transista nayo inaungua. Ama mtu anaunga taa ndogo ya LED kwenye betri ya volti 12 bila hesabu. Taa inawaka kwa nguvu sana, kisha giza. Hasara hapo si ya kifaa tu. Mwenye redio akirudi nyumbani na redio mbovu kuliko vile aliileta, atawaambia majirani wote, na mwezi ujao hakuna mtu ataleta kazi.

Katika makala hii tunaeleza jinsi ya kujenga kisanduku chenye rezista nyingi na swichi, ambacho kinawezesha kikundi kujaribu thamani yoyote kabla ya kulehemu. Hakihitaji kiwanda. Kinahitaji subira, mkono usiotetemeka, na watu wawili watatu wanaoweza kujumlisha hadi kumi.

REZISTA NI NINI?

Fikirini mfereji wa maji unaopeleka maji shambani. Ukiweka mawe ndani ya mfereji, maji yanapita lakini kwa shida, na yanafika kidogo. Rezista ni kama hayo mawe. Inapunguza stima inayopita ili kifaa kilicho mbele kisizidiwe.

Ukubwa wa kizuizi hicho unapimwa kwa omu, na alama yake ni Ω. Jina hili linatoka kwa Georg Simon Ohm, mwalimu wa shule huko Ujerumani, ambaye mwaka 1827 alitoa kitabu akieleza kanuni tunayoitumia mpaka leo. Kanuni yenyewe ni rahisi: chukua volti, gawanya kwa omu, utapata ampea, yaani kiasi cha stima kinachopita. Na ukitaka kujua omu, gawanya volti kwa ampea. Kwa vile kazi yetu ni ya vitu vidogo, mara nyingi tunatumia miliampea. Miliampea 1000 ni ampea moja.

Rezista haina upande wa mbele wala wa nyuma. Ukiigeuza, inafanya kazi vile vile. Rezista mbili zikifungwa kwa mstari, moja nyuma ya nyingine, omu zake zinajumlishwa. Rezista ya omu 100 ikifuatwa na nyingine ya omu 100, jumla ni 200. Shikeni jambo hili, kwa sababu kisanduku chote kimejengwa juu yake.

KUSOMA RANGI

Rezista nyingi zina mistari ya rangi badala ya namba. Andikeni orodha hii kwenye karatasi kubwa na kuibandika ukutani mahali pa kazi:

Nyeusi 0
Kahawia 1
Nyekundu 2
Rangi ya chungwa 3
Manjano 4
Kijani 5
Buluu 6
Zambarau 7
Kijivu 8
Nyeupe 9

Kwa rezista yenye mistari minne, miwili ya kwanza ni tarakimu, wa tatu ni idadi ya sifuri za kuongeza, na wa nne unaonyesha usahihi. Mstari wa dhahabu maana yake thamani inaweza kupungua au kuzidi kwa asilimia 5. Wa fedha ni asilimia 10. Basi kahawia, nyeusi, nyekundu ni 1, 0 na sifuri mbili, yaani omu 1000. Kahawia, nyeusi, kahawia ni omu 100. Kahawia, nyeusi, nyeusi ni omu 10. Rezista zenye mistari mitano zina tarakimu tatu kabla ya zile sifuri, na mara nyingi usahihi wake ni asilimia 1.

Kama kuna mwanachama ambaye macho yake hayatofautishi nyekundu na kijani, msimwaibishe. Wapo wengi wa hivyo, hasa wanaume. Yeye apewe kazi ya kupima kwa mita, na mwingine asome rangi.

WAZO LA KISANDUKU

Tungetaka kupata omu 10, 20, 30 na kuendelea mpaka elfu kadhaa, tungehitaji mamia ya rezista na mamia ya swichi. Lakini kuna njia ya mkato. Kwa mafungu manne tu ya 1, 2, 3 na 4, tunaweza kupata kila namba kutoka 0 mpaka 10. Hebu jaribuni wenyewe kwa punje za mahindi:

5 ni 4 na 1
6 ni 4 na 2
7 ni 4 na 3
8 ni 4, 3 na 1
9 ni 4, 3 na 2
10 ni zote nne

Kwa hivyo kila safu ya kisanduku ina swichi nne. Safu ya kwanza ni ya makumi, ya pili ya mamia, ya tatu ya maelfu. Swichi kumi na mbili zinatupa kila thamani inayopanda kwa kumi kumi, kutoka 0 hadi omu 11,100.

Na hapa kuna faida nyingine. Hatuhitaji kutafuta rezista za namna nyingi. Madukani hamtapata kwa urahisi rezista ya omu 30 au 40, lakini ya omu 10 ipo kila mahali. Fungu la 2 ni rezista mbili za omu 10 zilizofungwa kwa mstari, fungu la 3 ni tatu, fungu la 4 ni nne. Safu moja inahitaji 1 na 2 na 3 na 4, yaani rezista kumi za aina moja. Kununua nyingi za aina moja ni rahisi kuliko kununua moja moja za aina kumi.

VIFAA VINAVYOHITAJIKA

1. Rezista 10 za omu 10, rezista 10 za omu 100, na rezista 10 za omu 1000. Nunueni kumi na mbili au zaidi za kila aina, ili mchague. Mkiweza, chukueni za asilimia 1 na za nusu wati. Mkikosa, robo wati itafaa.
2. Swichi ndogo 12 za kupandisha na kushusha. Swichi za kusukuma zilizotolewa kwenye redio na vitu vya kuchezea vilivyokufa pia zinafaa, mradi zimesafishwa.
3. Kasha la plastiki lenye mfuniko. Kasha la chakula la plastiki ngumu linatosha. Kopo la bati tusilitumie, kwa sababu bati linapitisha stima, na waya ukiligusa kisanduku kitadanganya.
4. Waya laini wenye nyuzi nyingi ndani, rangi mbili.
5. Vibano viwili vyenye meno kama ya mamba.
6. Chuma cha kulehemu na risasi nyembamba ya elektroniki, ile yenye dawa yake ndani.
7. Mita ya kupimia. Kama kikundi hakina, shule ya sekondari iliyo karibu huenda ina moja katika maabara. Mwombeni mwalimu wa fizikia, na mkaribisheni aje na wanafunzi waone.

Walio karibu na Nairobi wanajua kwamba Barabara ya Luthuli ina maduka mengi ya vifaa hivi. Walio mbali wamtume mtu mmoja kwa niaba ya wote, akiwa na orodha iliyoandikwa, na arudi na risiti kwa mweka hazina.

Tahadhari moja kuhusu risasi. Mafundi wa mabati wa jua kali wanatumia dawa ya asidi ili risasi ishike. Kwa mabati ni sawa, lakini kwa vifaa vya redio ni sumu. Asidi inabaki kwenye kiungo na kula waya kidogo kidogo, na baada ya miezi kadhaa kifaa kinakufa bila sababu inayoonekana. Msiazime dawa hiyo.

JINSI YA KUJENGA

Hatua ya kwanza: Pimeni kila rezista kwa mita na kuandika namba yake. Chagueni kumi zilizo karibu kabisa na thamani iliyoandikwa. Zinazobaki wekeni kwenye kopo la akiba.

Hatua ya pili: Chora mfuniko wa kasha. Safu tatu, swichi nne kila safu. Achieni nafasi ya vidole, hasa vidole vinene vya watu wazima. Toboeni matundu polepole ili plastiki isipasuke, kisha fungeni swichi zote zikielekea upande mmoja.

Hatua ya tatu: Lehemuni kila fungu la rezista kati ya miguu miwili ya swichi yake. Fungu la 1 ni rezista moja tu. Fungu la 2, pindeni miguu ya rezista mbili ziwe mstari mmoja, lehemuni katikati, halafu ncha mbili za nje zishike miguu ya swichi. Fanyeni hivyo kwa fungu la 3 na la 4. Kama swichi ina miguu mitatu, tumieni wa katikati na mmoja wa pembeni, na upande mliouchagua uwe huo huo kwa swichi zote.

Hatua ya nne: Unganisheni mafungu yote yawe mlolongo mmoja. Mwisho wa fungu la kwanza unashika mwanzo wa la pili, na kuendelea hivyo mpaka la kumi na mbili. Ncha ya mwanzo na ncha ya mwisho ndizo zinatoka nje kwa waya ndefu zenye vibano vya mamba. Fungeni fundo kwenye kila waya ndani ya kasha, ili mtu akivuta, fundo livutwe na si kiungo.

Sasa tuelewe vile swichi inafanya kazi, maana hapa watu wengi wanachanganyikiwa. Swichi ikiwa imefunga njia, stima inapita kwenye swichi kwa sababu ndiyo njia rahisi, na inaruka zile rezista. Fungu hilo linahesabika kuwa sifuri. Swichi ikifungua njia, stima inakosa mkato na inalazimika kupita kwenye rezista. Hapo fungu linahesabika. Ni kinyume cha swichi ya taa ya nyumbani. Kwa hivyo wekeni swichi ili zikipandishwa juu ziwe zimefungua njia. Halafu andikeni kwa rangi isiyofutika kando ya kila swichi: 10, 20, 30, 40; 100, 200, 300, 400; 1000, 2000, 3000, 4000. Kanuni ya mtumiaji inakuwa rahisi kwa kila mtu: jumlisha zile zilizo juu.

Mpango huu una usalama wake ndani. Swichi ikichakaa au ikiingia vumbi na kukosa kugusana, rezista zake zinaingia zenyewe na jumla inapanda. Kifaa kinapata stima kidogo, hakipati nyingi. Kosa la namna hiyo haliunguzi kitu.

KIKUNDI KISICHO NA SWICHI

Mkikosa pesa za swichi, msikate tamaa. Waliosoma fizikia sekondari huenda wanakumbuka sanduku la mbao lenye vipande vya shaba juu yake na vizibo vya shaba vya kuchomeka. Lilikuwa likifanya kazi hii hii: kizibo kikiingia, rezista iliyo chini yake inarukwa. Ninyi mnaweza kuchukua ubao mkavu, mkafunga skrubu kumi na tatu za shaba kwa mstari, na kulehemu fungu moja la rezista kati ya kila skrubu mbili. Mkitaka kuruka fungu, wekeni waya mfupi wenye vibano kati ya skrubu zake mbili. Si cha kupendeza kama kile cha swichi, lakini hesabu yake ni ile ile. Pesa zikipatikana, mtaongeza swichi kwenye ubao ule ule.

KUPIMA KABLA YA KUTUMIA

Shusheni swichi zote. Gusanisheni kwanza ncha mbili za mita na kuandika namba inayoonekana, kisha shikeni vibano vya kisanduku. Mnapaswa kuona namba karibu na sifuri. Sasa pandisheni swichi moja, someni, shusheni. Fanyeni hivyo kwa zote kumi na mbili, na mmoja aandike.

Mkiona mita haisomi kitu hata swichi zote zikiwa chini, kuna kiungo kilichoachana katika mlolongo. Mkipandisha swichi na namba haibadiliki, basi tone la risasi limeunganisha miguu ya swichi hiyo, au swichi yenyewe imeshikana. Namba ikirukaruka mnapoigusa, kiungo ni baridi: risasi ilikaa juu bila kushika. Pasheni moto tena mpaka risasi itiririke na kung'aa. Msiseme ati itajikaza yenyewe. Haitajikaza.

MFANO WA KAZI: TAA YA KUSOMEA

Tuseme kikundi kinataka kutengeneza taa za LED za kusomea watoto, kwa betri ya volti 12 inayochajiwa na sola. Taa ndogo nyeupe ya LED, ile ya ukubwa wa milimita 5, inahitaji karibu volti 3, na isipitishiwe zaidi ya miliampea 20.

Hesabu ya taa moja: betri volti 12, toa 3, zinabaki 9. Gawanya 9 kwa ampea 0.02, jibu ni omu 450. Kwa kisanduku chetu ni 400, 40 na 10.

Lakini ngojeni kidogo. Betri ya volti 12 haikai kwenye 12. Ikiwa imejaa na imetulia ni karibu 12.7, na sola ikiichaji inaweza kufika 14.4. Taa iliyopimwa jioni betri ikiwa imechoka itazidiwa mchana betri ikichajiwa. Hapo ndipo taa nyingi za kienyeji zinakufa mapema. Pimeni mkitumia ile volti ya juu kabisa. Sasa 14.4 toa 3 ni 11.4, gawanya kwa 0.02 ni omu 570.

Kuna hasara nyingine tena. Katika volti 12, taa moja inatumia 3 tu. Hizo 9 zinaishia kwenye rezista kama joto. Robo tatu ya stima ambayo jua limetupa inapasha rezista! Afadhali tufunge taa tatu kwa mstari mmoja. Zinatumia volti 9, na stima ile ile inapita kwa zote tatu. Kwa betri inayochajiwa: 14.4 toa 9 ni 5.4, gawanya kwa 0.02, jibu ni omu 270. Betri ikishuka hadi 12, zitapita miliampea 11 hivi. Mwanga utapungua kidogo lakini mtoto bado atasoma. Taa tatu sasa zinakula kiasi ambacho kingeliwa na moja, na betri inakaa karibu mara tatu zaidi kuliko taa tatu zilizofungwa kila moja peke yake.

Hesabu inatupa mahali pa kuanzia, na kisanduku kinatuonyesha ukweli. Anzeni juu, omu 1000. Shukeni polepole mpaka mwanga uwatosheleze. Mara nyingi mtaona kwamba mwanga wa omu 400 na ule wa 270 hautofautiani sana kwa macho, ilhali betri inaona tofauti kubwa. Kaeni kwenye omu nyingi zaidi mnazoridhika nazo.

Mkishapata thamani, tafuteni rezista ya dukani iliyo karibu nayo kwa upande wa juu. Zinazopatikana kwa urahisi ni 10, 12, 15, 18, 22, 27, 33, 39, 47, 56, 68 na 82, pamoja na sifuri zake. Mkipata 450, nunueni 470. Mkipata 270, ipo tayari.

MFANO WA PILI: REDIO

Rezista haijiunguzi yenyewe. Ikiwa nyeusi, kwa kawaida kuna kitu mbele yake kilichoshikana, kama kapasita au transista, ambacho kilivuta stima nyingi. Tafuteni hicho kwanza. Ukibadilisha rezista bila kutafuta chanzo, umefunga jeraha na mwiba ungali ndani.

Mkishapata chanzo na kukibadilisha, toeni rezista iliyoungua, shikeni vibano vya kisanduku mahali pake, wekeni omu nyingi kabisa, halafu washeni redio kwa sauti ya chini. Shukeni hatua kwa hatua mkisikiliza. Sauti ikiwa safi na hakuna kinachopata joto, simameni hapo. Msiendelee kushuka kwa tamaa ya sauti kubwa. Kama kuna redio nyingine ya aina hiyo kijijini, ifungueni na kusoma rezista ya mahali hapo, maana hiyo ni bora kuliko kujaribu.

Sehemu nyingine za redio zinahitaji omu nyingi zaidi, makumi ya maelfu. Kikundi kikishazoea, kiongeze safu ya nne yenye rezista kumi za omu 10,000 na swichi nne. Hapo mtafika hadi omu 111,100.

MAMBO YA HATARI

1. Kisanduku hiki si cha stima ya ukutani. Volti 240 zinaua. Hata sehemu ya redio inayopokea stima ya ukutani msiiguse kwa kisanduku. Kazi yake ni betri tu.

2. Msiunge vibano viwili moja kwa moja kwenye betri bila taa au kifaa kati yake. Swichi zote zikiwa chini, kisanduku ni kama kipande cha waya mtupu. Betri ya gari itayeyusha waya huo na kuchoma mkono. Wekeni fyuzi ndogo kwenye waya wa betri.

3. Pandisha kwanza, shusha baadaye. Tuseme mko kwenye 300 na mnataka 400. Mkishusha 300 kabla ya kupandisha 400, kwa nukta moja jumla inakuwa sifuri na taa inaungua. Mkipandisha 400 kwanza, jumla inakuwa 700, halafu mnashusha 300, mnabaki na 400. Mfundisheni kila mwanachama jambo hili mpaka aweze kulisema usingizini.

4. Rezista nazo zina kikomo. Kwa rezista za robo wati, tusipitishe zaidi ya miliampea 100 tukitumia safu ya makumi, 35 kwa safu ya mamia, 10 kwa safu ya maelfu, na 3 kwa safu ya makumi elfu. Mkitumia safu mbili kwa pamoja, fuateni kikomo kidogo zaidi. Mkisikia harufu ya kuungua, toeni betri mara moja.

5. Taa kubwa za LED za wati moja na zaidi hazifai hapa, zinataka stima nyingi mno. Pia msitumie kisanduku kuchaji betri ya simu. Betri hizo zinaweza kuwaka moto.

6. Risasi ni sumu, hasa kwa watoto na akina mama wajawazito. Lehemuni mahali penye hewa, moshi usiingie usoni. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula au kumshika mtoto. Msilehemu jikoni, wala msitumie kikombe cha chai kuwekea vipande vya risasi.

KAZI YA KIKUNDI, SI YA MTU MMOJA

Chombo cha kikundi kikikaa kwa mtu mmoja, baada ya muda kinakuwa chake. Tunashauri mchague mtu wa kutunza, na mwingine wa kushika daftari. Katika daftari andikeni tarehe, kifaa kilicholetwa, thamani iliyopatikana kwa kisanduku, na rezista iliyowekwa. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litakuwa na faida kuliko kisanduku chenyewe. Redio ya aina ile ile ikija tena, jibu liko kwenye ukurasa, na hata mwanachama mpya ataweza kuitengeneza.

Kila baada ya miezi mitatu rudieni kupima swichi zote na mlinganishe na namba za mwanzo. Namba ikibadilika sana, rezista za fungu hilo zimepashwa joto kupita kiasi. Zibadilisheni, kisha ulizaneni bila kugombana ni kazi gani ilifanya hivyo.

Na mwenye redio mwelezeni ukweli. Mwonyesheni rezista iliyoungua na ile mpya, mwambieni mlivyoipata na bei yake. Mteja akielewa kazi, halalamikii malipo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika miezi sita iliyopita, kikundi chetu kimepoteza vifaa vingapi kwa kubahatisha? Vilitugharimu pesa ngapi?

2. Tukitaka omu 1,260, ni swichi gani zitakuwa juu? (Jibu: 1000, 200, na 40 pamoja na 20.)

3. Tuko kwenye omu 200 na tunataka 100. Tutagusa swichi gani kwanza, na kwa nini?

4. Nani kati yetu ana mkono mzuri wa kulehemu, nani anasoma rangi vizuri, na nani ni mwaminifu wa kuandika daftari? Je, wasichana na akina mama wamepewa nafasi ya kujifunza chuma cha kulehemu, ama wanaitwa tu wakati wa kupika chai?

5. Kisanduku kitakaa wapi usiku, na ufunguo utakuwa na nani?

Jadilini maswali haya kabla ya kumtuma mtu dukani. Mkikubaliana, anzeni na safu moja tu ya mamia: rezista kumi na swichi nne. Safu hiyo peke yake inatosha kutengeneza taa ya kusomea. Safu nyingine zitafuata kadiri kazi itakavyoleta pesa.